Vijiko Viwili, Mara Nne

Karatasi ilibandikwa ukutani juu kidogo ya jiko, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile angeweza kuchemsha maji bila kuisoma. Iliandikwa kwa wino wa bluu, herufi zimesimama wima na kupangana sawasawa kama meno ya mtu aliyetunzwa tangu utotoni.

*Saa moja asubuhi, vijiko viwili. Saa sita mchana, vijiko viwili. Saa kumi na moja jioni, vijiko viwili. Saa tatu usiku, vijiko viwili. Punje zilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka zilainike. Asizidishiwe. Asikoseshwe mlo hata mmoja.*

Sentensi ya mwisho ilipigiwa mistari miwili.

Fundi aliisoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa kwenye plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na kwapani alikuwa ameegemea mkongojo wa mbao alioupiga randa mwenyewe.

"Mara nne," alisema. "Nimesoma vizuri?"

"Umesoma vizuri," mkewe akamjibu huku akitua kikapu sakafuni.

"Huyu ni mbwa au ni mgonjwa wa wodini?"

"Ni mtoto. Ana wiki tisa. Tena ni wa mbegu ndogo. Mama Meno anasema hata akizeeka hatafika kilo tatu."

"Kilo tatu?" Bibi, mama yake Fundi, aligeuka kwenye kigoda chake. "Mimi nilizaa kilo nne na nusu. Huyo hapo, amesimama kwa mguu mmoja."

Mke wa Fundi alifunua kitambaa kilichofunika kikapu. Humo ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, masikio mapana kuliko uso, macho meusi yanayong'aa. Ungeweza kumtia ndani ya kiatu cha kazi cha Fundi ukafunga kamba, na bado kungebaki nafasi ya soksi. Alipiga mwayo, akaketi, akaanguka.

"Kifungo," Bibi akasema. "Akitudondokea humu ndani tutamtafuta kwa tochi."

Jina likamganda.

Mama Meno alikuwa daktari wa meno. Jina hilo walimpa wao wenyewe, na halikuwahi kutoka nje ya vyumba vyao viwili. Mke wa Fundi alikuwa amefua, amepiga pasi na kupika nyumbani kwake kwa miaka sita. Sasa mama mzazi wa daktari alikuwa anapasuliwa katika mji mwingine, daktari mwenyewe anakwenda kumuuguza siku kumi, na nyumba nyuma yake inapakwa rangi. Harufu ya rangi ingemdhuru mtoto wa mbwa. Mke wa Fundi angeendelea kwenda kila siku kuwasimamia wapaka rangi na kusafisha, lakini mbwa asingeweza kukaa kule.

"Nakuachia wewe," daktari alimwambia getini. "Sina mwingine ninayemwamini."

Maneno hayo mke wa Fundi aliyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai mkononi. Alijua uzito wake. Tangu Fundi aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, wiki tano zilizopita, kazi yake ndiyo iliyokuwa inawalisha wote watatu. Mbwa akipatwa na jambo, kazi imekwenda.

"Asubuhi mimi ninaondoka saa kumi na mbili," alimwambia mumewe usiku huo, "narudi saa moja ya jioni. Mlo wa saa tatu usiku ni wangu. Hiyo mitatu ya mchana ni yako. Utaweza?"

"Nimesimamisha nyumba za ghorofa tatu, mke wangu."

"Sikuulizi habari za nyumba."

"Nitaweza."

Jumatatu alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Alipima vijiko viwili, akavisawazisha juu kwa mgongo wa kisu jinsi anavyosawazisha saruji kwa mwiko. Akamimina maji ya uvuguvugu, akakoroga, na mkono wake ukafurahi kukoroga kitu baada ya wiki tano.

Kwenye kazi, Fundi alijulikana kwa sheria moja: karai moja moja. Hakuruhusu kibarua kukoroga saruji ya kutwa nzima asubuhi. Saruji ikishatiwa maji haimsubiri mtu. Itaganda pale chini wewe ukiwa bado uko kwenye mstari wa tatu wa matofali. Koroga kidogo, jenga, koroga tena. Kuna kibarua aliwahi kukoroga mfuko mzima kabla ya chai ili apumzike mchana. Fundi alimpa nyundo akamwambia, "Haya, kula ulichopika," na yule bwana alishinda akivunja jiwe alilolitengeneza mwenyewe. Vibarua walikuwa bado wanakisimulia kisa hicho.

Saa sita, chakula kilishikana kwenye sahani na Kifungo hakuweza kukibandua. Fundi akaketi kizingitini, mguu wa plasta mbele, akamweka mbwa kwenye paja la mguu mzima, akaanza kumlisha kwa kijiko cha chai. Alikuwa ameshampa mara tatu aliposikia kicheko upande wa pili wa njia.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, shuka la kunyolea begani.

"Jamani, ni macho yangu?" Akavuka njia. "Fundi, unamlisha mbwa kwa kijiko?"

"Kimeshikana kwenye sahani."

"Subiri nikuletee kitambaa tumfunge shingoni, asijichafue shati."

"Nenda kanyoe. Mteja wako ana nusu kichwa."

Ilikuwa kweli. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na nusu ya nywele zake, naye anacheka.

"Miaka ishirini umepiga plasta kuta za watu," Kinyozi alisema, "sasa plasta imekupiga wewe, na mbwa amekuajiri uyaya. Dunia hii!" Akainama, akamkuna Kifungo kichwani kwa kidole kimoja, kisha akauliza bila ubaya, kwa mdomo tu wa mtu aliyezoea kuchekesha wateja: "Na wewe umekula, au unasubiri abakize?"

Fundi alicheka. Alicheka kama wanaume wanavyocheka wanapokuwa wamechomwa mahali ambapo hawawezi kupaonyesha.

Kwa sababu hakuwa amekula, na hakuwa na mpango wa kula. Tangu alipotoka hospitali alijiwekea amri ambayo hakumwambia mtu: mwanamume asiyefanya kazi mchana hali mchana. Mkewe aliacha chakula cha watu wawili kwenye sufuria kila alfajiri, chake na cha Bibi. Ilipofika saa sita Fundi alipakua sahani moja, akaijaza, akampelekea mama yake chumbani. Yeye alikunywa maji, akasubiri jioni. Mkewe akirudi alikuta sufuria tupu, akaiosha, akaridhika.

Aliweza kuvumilia njaa. Kilichomshinda ni kuketi kizingitini, njia nzima ikimwona, akimtia kiumbe cha ukubwa wa kiatu mlo wa mchana mdomoni, mlo ambao yeye mwenyewe amejinyima.

Saa kumi na moja jioni alimlisha ndani, mlango umefungwa.

Jumanne aliamka na hesabu yake. Mbili mara tatu ni sita. Sita ni sita, uzitoe mara moja au mara tatu. Hakuna aliyemzidishia wala kumpunguzia. Mbwa atapata haki yake yote asubuhi, njia ikiwa bado haina watu, na mchana utakuwa mchana kama mingine.

Akaloweka vijiko sita, akaviweka chini.

Kifungo alitumbukia kwenye sahani kwa miguu yote minne. Alikula mpaka tumbo likawa gumu na la duara, akashindwa kutembea, akaketi tu akilitazama tumbo lake kwa mshangao. Baada ya nusu saa alitapika karibu ya kigoda cha Bibi.

"Huyu ana nini?" Bibi akauliza.

"Amekula kwa pupa."

"Umempa kiasi gani?"

"Kilichoandikwa, mama. Kiasi ni kilekile."

Alipiga deki akirukaruka kwa mguu mmoja. Mchana ulipita kimya. Kifungo alilala sana, na Fundi akaona hiyo ni dalili ya kushiba. Usiku mkewe aliporudi na kuweka vijiko viwili vya saa tatu, mbwa alivifagia kabla mkono wake haujatoka kwenye sahani.

"Leo ana njaa," mke akasema.

"Anakua," Fundi akasema, na akageukia ukuta.

Jumatano akaloweka sita tena. Safari hii Kifungo alikumbuka. Alinusa, akala kidogo, labda kijiko kimoja na nusu, akaondoka. Chakula kikakauka pembeni. Baadaye mstari wa sisimizi ukatoka chini ya mlango na kuelekea kwenye sahani bila kupinda. Fundi akainyanyua, akawamwagia kuku wa jirani. Asubuhi ile mbwa alicheza, akaiburuta soksi ya Bibi chumba kizima, akabwekea mkongojo. Kulikuwa na manyunyu nje na upepo wa baridi chini ya mlango.

Saa sita ilifika. Fundi alipakua sahani ya mama yake. Kifungo alimfuata mpaka chumbani na kurudi, akasimama chini ya karatasi, akamtazama.

"Yako umeila," Fundi alimwambia. "Au hukuila, shauri yako."

Ilikuwa inakaribia saa kumi Bibi alipoita kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo watu wazima huitumia wanapotaka usikimbie lakini uje.

"Mwanangu. Njoo umwone huyu."

Kifungo alikuwa amelala ubavu juu ya soksi. Miguu ilikuwa inatetemeka, si kama mbwa anayeota. Kichwa kilining'inia Fundi alipomnyanyua. Ulimi ulikuwa mweupe. Masikio, yale mapana, yalikuwa ya baridi kama majani ya alfajiri.

"Kifungo. Ewe."

Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona.

Fundi alijua namna mwili unavyoondoka. Alishawahi kushuka kwenye jukwaa kumfuata mwenzake aliyeanguka. Alisimama katikati ya chumba na kilo moja kasoro ya uhai kwenye kiganja chake. Akaiona sura ya mkewe ikiingia mlangoni saa moja ya jioni, na nyuma ya sura ile kitu kingine kikubwa zaidi kikifungwa, kama geti.

"Usisimame kama nguzo," Bibi alisema. "Sukari! Na maji ya moto kidogo. Mwanambuzi akikosa maziwa ya mama huwa hivihivi, nimefuga mimi. Usimnyweshe, atapaliwa. Mpake kwenye fizi."

Fundi akakoroga sukari kwa kidole chake mwenyewe, kidole kilichopasuka kwa saruji, kipana kuliko ule mdomo. Akainua mdomo wa juu, akapaka fizi. Akapaka tena. Bibi alikuwa ameshavua mtandio wake, akamviringisha mbwa ndani kwa mikono yake inayotetemeka kwa uzee, ikawa haijulikani nani anamtetemesha nani.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiwa njiani usiache kumpaka."

"Mvua, mama. Na mkongojo."

"Una mikono miwili mizima na mguu mmoja mzima. Wengine hawana."

Alimtia Kifungo ndani ya shati, kifungo cha juu wazi ili apumue, kikombe cha sukari mkono wa pili. Hatua tatu nje akagundua kwamba mkongojo unataka mkono na kikombe kinataka mkono, na wa tatu wa kumpaka hana. Alisimama pale kwenye manyunyu.

"Fundi!" Ni Kinyozi, kutoka mlangoni pake. "Yaya na mwanawe wanakwenda matembezi?"

Fundi alimtazama tu, na kile alichokiona Kinyozi usoni mwake kikamfanya aweke mashine chini na kuvuka njia.

"Amekufa?"

"Bado. Shika hiki. Kila nikikwambia, mpake kwenye fizi."

"Mimi?"

"Hapana, mteja wako."

Wakaenda hivyo, mkongojo ukigonga lami, Kinyozi akitembea kinyumenyume mbele yake na kikombe, akichovya kidole kinachonuka spiriti na kukiingiza ndani ya shati la mwanamume mwenzake, huku watu wakisimama milangoni kuangalia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliuliza kuna nini. "Mtoto anaumwa," Kinyozi alimjibu, na hakucheka.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, ukutani pake picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari. Alimchoma Kifungo sikioni, akapata tone la damu, akalitia kwenye kipimo kidogo, akatikisa kichwa. Akamdunga sindano ya maji ya sukari, taratibu sana, akamlaza juu ya chupa ya maji ya moto. Halafu akavuta kiti.

"Anakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne," Fundi alisema.

"Kiasi gani?"

"Vijiko viwili viwili."

"Leo amekula mara ngapi?"

Fundi akatazama ng'ombe ukutani. Daktari akaweka vidole viwili chini ya tumbo la Kifungo, akabonyeza kama mtu anayekagua embe.

"Baba, tumbo hili halijaona kitu tangu asubuhi. Nikikosea nisahihishe."

"Hukukosea. Nilimpa ya mchana wote kwa mara moja. Sita. Kiasi ni kilekile, nikaona..."

"Kiasi hukukosea. Umekosea saa." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesoma lebo. "Mbwa mkubwa ana pa kuweka akiba. Huyu hana. Mwili wake unachoma haraka, na sukari anayopata inadumu saa chache tu. Ukimpa yote asubuhi, nyingine anaitapika, nyingine inapita hivihivi, na ikifika alasiri hana kitu. Kidogo kidogo, mara kwa mara, mpaka atimize miezi minne hivi. Baadaye mtashuka mpaka mara tatu."

"Karai moja moja," Fundi alisema.

"Unasema?"

"Hakuna, daktari."

Lakini kulikuwapo. Alimwona yule kibarua na nyundo yake, jua la saa nane, saruji iliyoganda, na yeye Fundi amesimama juu yake na mikono kiunoni. *Kula ulichopika.* Miaka ishirini amewafokea watu kwa kosa hili hili, na lilipokuja nyumbani kwake hakulitambua, kwa sababu safari hii lilikuja limevaa manyoya.

"Mkono wako unatetemeka," daktari akasema.

"Ni mkongojo."

Daktari aliutazama mkongojo ulioegemezwa ukutani, mbali na mkono.

Baada ya dakika ishirini Kifungo aliinua kichwa, akapiga chafya, akaanza kulamba kidole cha Kinyozi kilichobaki na sukari. Kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja kitini, aligeuka akatazama dirishani kwa muda mrefu kuliko dirisha lile lilivyostahili.

Mkewe alipoingia saa moja ya jioni aliambiwa kabla hajavua viatu. Fundi alitaka iwe hivyo. Mke alisikiliza amesimama, mkoba begani. Kisha alikwenda kwenye kikapu, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ubavu wa Kifungo, akahesabu pumzi zake.

"Yuko hai," akasema.

"Yuko hai."

"Atapiga simu sasa hivi. Hupiga kila siku saa hizi, anataka kumwona." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nitamwambia nini?"

"Mimi nitamwambia."

"Wewe hutanisaidia kwa kuongea naye. Wewe ungenisaidia kwa vijiko."

Simu ililia. Fundi akanyoosha mkono. Mkewe alimtazama kwa muda wa milio mitatu, kisha akampa.

Uso wa Mama Meno ulitokea kwenye kioo, miwani juu ya paji, nyuma yake ukuta wa hospitali. "Oh," akasema. "Fundi. Shikamoo yangu kwa Bibi. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa, dokta. Leo nusura afe."

Akaeleza yote. Alieleza vijiko sita vya Jumanne, matapishi, sisimizi wa leo, kuku wa jirani. Bibi kwenye kigoda chake aliacha hata kutafuna. Mama Meno alishusha miwani machoni.

"Mimi nilimwachia mkeo," alisema polepole. "Sikukuachia wewe."

"Ndiyo. Na yeye hakukosea hata kijiko kimoja. Kosa lote ni langu."

"Unajua kusoma, Fundi."

"Najua."

"Niliandika. Nikapiga mistari. Sasa niambie kwa nini."

Hapo palikuwa na njia nyepesi. Angeweza kusema alisahau, alipitiwa na usingizi, mguu ulimuuma. Mguu ule wa plasta ungemtolea ushahidi. Mkewe mwenyewe alikuwa amefungua mdomo kumpa neno.

"Niliona haya," Fundi alisema.

"Haya ya nini?"

"Ya kukaa mlangoni namlisha mbwa saa sita, na mimi mwenyewe sili saa sita."

"Kwa nini huli?"

"Sifanyi kazi."

Kwenye simu ilisikika toroli la hospitali likipita, gurudumu moja likilia. Mama Meno aligeuza uso pembeni, akatazama kitu au mtu asiyeonekana, kisha akarudi.

"Saa tatu nitapiga tena," alisema. "Nataka nimwone anakula."

Simu ikakatika.

Mke wa Fundi alikwenda jikoni. Aliichukua sufuria tupu, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta ufa.

"Wiki tano," akasema, mgongo umewageukia. "Kila alfajiri naacha chakula cha watu wawili. Kila jioni nakuta tupu, nasema mume wangu amekula, mguu utaunga."

"Mke wangu..."

"Nyamaza kwanza. Kilikuwa kinakwenda wapi?"

Bibi akakohoa.

"Mimi nilidhani mkwe wangu ananipenda," alisema. "Sahani mlima! Nikajiuliza, mbona uzeeni ndio nanenepa?"

Mke wa Fundi alitaka kulia, na badala yake kicheko kikamtoka, kikamtoka vibaya, kupitia puani, na alipokwisha kucheka machozi yalikuwa yameshafika pia. Akapika, akapakua. Akaiweka sahani mbele ya mumewe, akaketi mkabala naye, akamwangalia akila mpaka mwisho. Alimwangalia kama daktari wa mifugo alivyoangalia kile kipimo.

Saa tatu simu ililia. Waliiegemeza kwenye kikombe. Kifungo alikula vijiko viwili, polepole, akilamba maji yote. Mama Meno alitazama tangu punje ya kwanza hadi ya mwisho. "Kesho saa moja," akasema, akakata.

Alhamisi asubuhi Fundi alipoamka mkewe alikuwa ameshaondoka. Alichemsha maji, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuchemsha maji mle bila kusoma ile karatasi, akaisoma. Chini ya *saa sita mchana, vijiko viwili* kulikuwa na mstari mpya, kwa penseli, kwa mwandiko wa kulala wa mtu anayeandika mara chache.

*Na Fundi, sahani moja. Asikoseshwe.*

Neno la mwisho lilipigiwa mistari mitatu.

Saa sita ilikuta jua limetoka. Ndani kulikuwa na giza na moshi wa jiko, na simu ambayo mkewe alimwachia haikushika vizuri ila mlangoni. Fundi aliketi kizingitini, mguu mbele, mlango wazi. Aliegemeza simu kwenye kiatu cha kazi. Akaweka sahani ndogo upande mmoja na sahani kubwa upande mwingine.

"Nawaona," Mama Meno alisema. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala kwenye kiti. "Hiyo sahani ya pili ni ya nani?"

"Ni yangu, dokta."

"Basi kula. Sina haraka."

Akaona aibu ikimpanda shingoni kama joto. Akanawa, akamega tonge la kwanza. Kifungo alikuwa ameshatumbukiza pua. Walikula. Kwenye kioo kidogo daktari wa meno alifungua mfuko wa karatasi, akatoa kitu, naye akaanza kutafuna bila kusema ni nini.

"Mama anaendeleaje?" Fundi akauliza.

"Ameanza kunywa uji. Kidogo kidogo." Akatafuna. "Mwambie mkeo rangi ya chumba cha nyuma sikuipenda kwenye picha. Wasiendelee. Jumanne nikirudi aje mapema, tutaipigia kelele pamoja."

"Nitamwambia."

"Na Fundi. Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja, dokta. Karai moja moja."

Hakumwelewa, akakata hivyohivyo.

Upande wa pili wa njia Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pake, mteja kitini, kitana mkononi. Alitazama sahani kubwa, akatazama ndogo. Mdomo ukamchezacheza.

"Mnakula, Fundi?"

Fundi aliumeza mwisho wa tonge kwanza.

"Tunakula," akasema. "Karibu."